Kipindi cha 41: Jimbi chini ya meza

HAMADI: Unanuka mafuta ya taa, yakhe. Hata hujanawa.

MAKAME: Nimenawa mara mbili, hayatoki. Assalamu alaykum jamani. Tuko hapa hapa karakanani, Mwanakwerekwe, mlango tumeurudisha lakini mtasikia pikipiki. Leo nina mambo matano kuhusu kushika kitu cha alumini kwa ndani wakati wa kukereza, yaani kukichonga kikiwa kinazunguka kwenye mashine. Nimeyaandika kwenye ganda la boksi.

HAMADI: Kabla ya hayo matano, waambie kilichofungwa chini ya meza.

MAKAME: Tutafika.

HAMADI: Wasikilizaji, kuna jimbi. Jimbi mzima, mwekundu, ana kamba mguuni, ananitazama kama ananidai.

MAKAME: Jogoo.

HAMADI: Jogoo huko kwenu mjini. Kwetu Wete, jimbi. Haya, sema kafikaje.

MAKAME: Jumatatu kaja nahodha mmoja kutoka Malindi na pete ya alumini, ile inayokaa baina ya pampu ya maji na mwili wa mashine ya boti. Imeliwa na chumvi, imeota unga mweupe, ukiigusa kwa kucha inamomonyoka. Anataka mpya. Tundu milimita 62, nje 70, upana 20. Kwa hiyo ukuta wake ni milimita 4 tu.

HAMADI: Bangili hiyo.

MAKAME: Bangili hasa. Ukiikamata kwa nje na chaki ya meno matatu...

HAMADI: Chaki ya mashine, ile inayokamata kitu na kukizungusha, si ya ubaoni. Kuna kijana alituuliza.

MAKAME: ...yale meno yanaibana mahali patatu. Unachonga tundu, linatoka duara safi kabisa. Ukifungua meno, pete inajiachia, na lile tundu linafuata, linabaki na vilima vitatu na mabonde matatu. Na balaa lake ni kwamba vernia, kile kipimio cha mkono, haikwambii. Vernia ina ncha mbili. Upande huu imekaa kwenye kilima, upande wa pili imekaa kwenye bonde, jumla inakuja 62 kila ukigeuza. Nikasema nimepata. Kwenda kuivisha kwenye pampu, inakwama mahali patatu, kwengine unaona mwanga.

HAMADI: Ya kwanza ikaharibika.

MAKAME: Ya kwanza nimempa mtoto anachezea. Ya pili nikafanya ninavyotakiwa: tundu kwanza, wakati gogo la alumini bado nene na halina habari na meno. Halafu nikatengeneza mandreli ya kutanuka, kile kishikio kinachojaa ndani ya tundu, niishike kwa ndani, nichonge nje bila kuibana.

HAMADI: Ya chuma.

MAKAME: Usianze. Ya chuma, ndiyo. Kipande cha shafti, nikakichonga kikabaki kinene kidogo kuliko 62. Katikati tundu lenye nyuzi za kizibo cha bomba, kile cha robo inchi cha duka la vifaa vya maji. Nyuzi zake zina mteremko, 1 kwa 16, kwa hiyo kadiri unavyokikaza ndivyo kinavyosukuma nje. Nikatoboa vitundu vitatu vya milimita 5 kwenye shina, halafu nikapasua kwa msumeno wa chuma kutoka usoni mpaka kwenye vile vitundu. Bila vile vitundu mpasuo unaendelea wenyewe siku moja, ukajikuta umeshika vipande. Nikakaza kizibo kidogo, nikachonga mara ya mwisho mpaka pete ikaingia kwa kusukuma na kidole gumba. Yote hayo bila kukitoa kwenye chaki hata mara moja.

HAMADI: Hapo nakuunga mkono. Ukishakitoa, basi. Hata ukipiga nukta mbele ya jino namba 1, hakirudi vile vile.

MAKAME: Kinarudi karibu.

HAMADI: Karibu si pale. Haya, ikaruka.

MAKAME: Haikuruka. Ilitoka.

HAMADI: Ilitoka wapi?

MAKAME: Mlangoni. Mashine iko mizunguko 1,200 kwa dakika, nimebakisha kukwangua kama nusu milimita, nasikia sauti imebadilika, ile ya chuma kulia. Sijafika kwenye swichi, pete haipo. Imegonga kizingiti, imebingirika kwenye kokoto, imevuka njia. Na bi mkubwa wa nyumba ya pili alikuwa anapeta mchele barazani, na jogoo wake yuko pembeni anaokota chenga.

HAMADI: Ikampiga wapi?

MAKAME: Mguuni. Gramu arubaini na kitu tu, Hamadi! Hata hakuchubuka. Aliruka, akakaa chini, akanitazama.

HAMADI: Ndivyo anavyonitazama mie.

MAKAME: Bi mkubwa hakusema neno. Kamchukua, kaingia ndani. Jumanne alfajiri kanigongea. "Makame mwanangu, leo nimepitwa na sala." Nikamwambia bi mkubwa, msikiti uko hapo nyuma na spika nne. Kanambia, "Mie siamki kwa spika. Mie naamka kwa huyu, na huyu hawiki tena."

HAMADI: Kafa ganzi ya koo kwa kupigwa mguu.

MAKAME: Kasema nimlipe 35,000 au nimtibu. Nikachagua kumtibu. Kila siku baada ya Asri ananiletea, nikae naye, nimlishe, nimsikilize. Jioni anakuja kumchukua, ananiuliza kawika? Nasema bado. Anaondoka naye.

HAMADI: Yaani umekuwa mlezi. Na unamlisha nini?

MAKAME: Mtama. Tatizo ni kwamba anadonoa maranda ya alumini, yanang'aa. Nafagia mara kumi kwa siku. Sijawahi kuwa na karakana safi namna hii tangu nifungue.

HAMADI: Basi sema alhamdulillahi. Jogoo la shamba haliwiki mjini, wamesema. Huyu katoka wapi?

MAKAME: Nilimuuliza. Kaletwa na meli kutoka Pemba.

HAMADI: Aaah! Basi kesi imekwisha. Huyu hajaumia, huyu ana mawazo ya kwao. Mie nilipohamia Saateni miezi mitatu sikuongea.

MAKAME: Tungepumzika sana.

HAMADI: Sasa nikwambie kwa nini ilitoka. Chuma chako. Alumini kila mita, kila digrii, inatanuka mikroni kama 23, na mikroni ni elfu moja ya milimita. Chuma ni kama 12. Pete yako ya 62, ukiipasha digrii 60 pamoja na mandreli kwa kukereza kavu, inaipita mandreli kwa milimita 0.04. Mshiko wenyewe ulikuwa kiasi gani? Umeachia mkono mwenyewe.

MAKAME: Hesabu nzuri. Lakini mimi najua nilichokosea. Sikukaza. Niliogopa.

HAMADI: Uliogopa nini?

MAKAME: Mandreli yangu ina vipande vitatu. Nikikaza sana, navyo vinaisukuma pete mahali patatu, kwa ndani. Narudi pale pale nilipokimbia. Dawa ni mipasuo sita badala ya mitatu, ukaze sawasawa, na brashi ya mafuta ya taa muda wote pete isipate moto. Chuma hakina kosa.

HAMADI: Dawa ni mandreli ya alumini. Vitu vya aina moja vinatanuka pamoja. Na alumini inapinda mara tatu rahisi kuliko chuma, kwa hiyo unakaza kidogo tu inajaa.

MAKAME: Vinatanuka pamoja vikipata joto pamoja. Joto liko kwenye ncha ya kisu, liko kwenye pete. Mandreli yako bado ya baridi, tena iko ndani kwenye kivuli.

HAMADI: Alumini inapitisha joto upesi.

MAKAME: Kama imegusana vizuri. Na ikigusana vizuri zinang'atana, alumini kwa alumini, unakuja kuitoa pete imechanika ndani kama imelimwa. Nyuzi zako zinakufa kazi ya kumi.

HAMADI: Hakuna kazi ya kumi! Unatengeneza, unatumia, unatupa tanurini. Pistoni mbovu zimejaa gereji zote, alumini inayeyuka kwenye 660, mie namimina vigogo vyangu mwenyewe. Kila kazi na mandreli yake.

MAKAME: Na saa mbili za kuitengeneza nani anazilipa? Nahodha?

HAMADI: Wewe saa mbili. Mie dakika arubaini.

MAKAME: Kwa vigogo vyako vyenye matundu ya hewa ndani. Nishaviona.

HAMADI: Mara moja tu vilikuwa na matundu!

MAKAME: Nilivyoviona mimi ni hiyo mara moja?

HAMADI: ...

MAKAME: Sema.

HAMADI: Sikubali, Makame. Na wala sikasiriki. Ungekuwa na alumini, jimbi angekuwa anawika.

MAKAME: Na mimi sikubali. Ya tatu nimeichonga kwa mandreli ile ile ya chuma, nimeongeza mipasuo, nahodha kaondoka nayo jana asubuhi.

HAMADI: Kwa bahati.

MAKAME: Kwa saa ya kupimia! Nimeizungusha, sindano haikusogea hata... Ssss. Umesikia?

HAMADI: Nini?

MAKAME: Kawika!

HAMADI: Ile ni feni. Beringi yako ya feni imekwisha.

MAKAME: Feni hailii hivyo. Kafungua mdomo, nimemwona.

HAMADI: Alipiga mwayo. Wasikilizaji, rudisheni nyuma kidogo mtupe hukumu. Mie nasema feni.

MAKAME: Haya, jambo la pili. Pembe ya kizibo. Ukitumia skrubu ya kichwa bapa, ile ya digrii 90, inatanua haraka lakini mwendo wa kukaza ni mfupi, robo mzunguko umeshapitiliza. Mteremko mdogo kama wa kizibo cha bomba unakupa...

HAMADI: Adhana hiyo.

MAKAME: Subiri nimalize. Unakupa nafasi ya kusikilizia, na ukishakaza haurudi wenyewe, mpaka uugonge. La tatu...

HAMADI: Makame, Magharibi. La tatu, la nne na la tano libaki kwenye boksi.

MAKAME: Lilikuwa la mipasuo, kwamba ukiikata...

SAUTI NJE: Hodi! Makame!

HAMADI: Mama mkwe huyo.

MAKAME: Karibu, bi mkubwa! Hamadi, mfungue kamba. Taratibu, mguu wa kushoto.

SAUTI NJE: Kawika?

HAMADI: Shikamoo bi mkubwa. Feni ndiyo iliyowika.

MAKAME: Kawika, bi mkubwa! Kawika kidogo!

SAUTI NJE: Kidogo ndiyo vipi? Na huu mdomoni mwake ni uzi gani unaong'aa?

MAKAME: Zima, Hamadi. Zima.