Kwa nini navaa barakoa nikija Moshi

Haya, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Swali ni lile lile tangu nirudi huku Leicester, England: "Dada, umeshakuwa mzungu? Harusini barakoa, kisusio (supu ya mbuzi yenye damu) hutaki, maziwa ya shangazi hutaki!" Leo najibu. Wa kusema naringa aseme, nimezoea.

Nina baridi yabisi. Nameza methotreksati kila wiki, na kila baada ya wiki mbili najichoma adalimumabu. Dawa hizi zinashusha kinga ya mwili ili isile viungo vyangu, sasa vijidudu navyo vinapata upenyo. Kabla ya sindano ya kwanza nilipimwa TB, damu na picha ya kifua, maana sindano hii inaweza kuamsha TB iliyolala mwilini. Ndiyo maana mtu akikohoa kwenye Kosta ya Arusha, mimi dirisha nafungua, mnune msinune.

Maziwa mabichi yanaweza kuwa na bruselosisi (homa ya mifugo inayoambukiza watu), yanaweza kuwa na TB ya ng'ombe. Shangazi akiyachemsha nakunywa hadi tone la mwisho! Lakini kaenda kuutangazia ukoo kwamba namdharau. Shangazi, najua unaangalia.

Kinachoniumiza zaidi ni makaratasi. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai, mimi siruhusiwi. Tanzania inadai kadi ya chanjo hiyo ukitokea nchi yenye ugonjwa huo, au ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa huko. Tiketi ya bei nafuu ndiyo hiyo inayokulaza Addis Ababa, na Ethiopia ni moja ya nchi hizo. Kwa hiyo ama nilipe tiketi ghali, ama nilipie barua ya daktari ya kunisamehe chanjo hiyo. Nililipia barua, ikaja bila mhuri, nikaanza upya. Na hapa England kila dawa ya cheti ni pauni 9.90, baridi yabisi haimo kwenye orodha ya magonjwa yanayosamehewa malipo. Sindano silipii, nakiri, msije mkaniita mlalamishi.

Chanjo ya mafua na ya nimonia nachoma, hazina kijidudu hai. Nikipata homa sijichomi sindano mpaka niongee na nesi. Hayo ni yangu mimi, wewe muulize daktari wako.

Na mnaoniomba nimletee mama sindano kama yangu: hapana. Inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ina jina langu, na mama hajapimwa chochote. Mpelekeni hospitali, KCMC. Nauli nitatuma, ila mwaka huu michango ya harusi msinihesabu.