Kipaji, Tabia na Kiti cha Nyuma cha Teksi

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa waliobaki, habari za jioni. Wazee wangu, shikamooni. Nawaona na vijana mmejibana kule nyuma karibu na sambusa, na nia yenu naijua. Mada yetu leo: timu ya futiboli ya Kimarekani ikimchagua kijana, itazame kipaji chake au tabia yake?

Mnajua kwamba kila mwaka, mwishoni mwa Februari, mji wetu huu wa Indianapolis hujaa wanaume wenye kofia za timu na saa za kupimia mbio. Wanakuja kwenye Kombaini. Tangu 1987 ligi ya futiboli ya Kimarekani imekuwa ikiwaleta hapa zaidi ya vijana 300 kutoka vyuoni, wapimwe kimo, uzito, mbio na magoti, kisha wahojiwe. Mimi kabla sijawa kocha msaidizi niliendesha teksi miaka tisa, na wiki ya Kombaini ndiyo iliyokuwa inanilipia kodi ya Machi.

Siku moja nilimpakia skauti mmoja, yaani mtafuta vipaji wa timu, kutoka uwanja wa ndege. Mtu wa makamo, mpole. Tulipofika nusu ya njia akaniuliza kama nimewabeba wachezaji wowote. Nikamwambia ndiyo, asubuhi ile ile nilimleta kijana mmoja mrefu, kwotabeki, yaani mrusha mpira wa timu. Nilidhani ataniuliza habari za mkono wake. Wapi! Akauliza: mizigo alibeba mwenyewe? Alikusalimia? Njiani alikuwa anafanya nini? Nikasema, "Alilala tu, mwanzo mpaka mwisho." Akatoa kijidaftari mfukoni akaandika. Huyo nitamrudia.

Kwa mama zangu ambao mchezo huu mnauona kwa watoto tu: drafti ni siku timu 32 zinapogawana vijana wanaotoka vyuoni, kwa raundi saba. Aliyeshika mkia msimu uliopita anachagua kwanza. Hakuna mambo ya Simba na Yanga kumgombania mchezaji usiku wa manane, ni zamu kwa zamu. Na kwotabeki ndiye mwenye usukani. Mpira unaanzia mkononi mwake karibu kila mara. Yeye ndiye anayewaambia wenzake kumi mpango ni upi, anawasoma wapinzani walivyojipanga, halafu ana kama sekunde tatu za kuamua, huku majitu ya kilo 130 yanamkimbilia. Ukikosea beki utavumilia. Ukikosea kwotabeki umepoteza miaka, na kocha kapoteza kazi.

Sasa, mwaka 1998 timu yetu hapa, Colts, ilikuwa na chaguo la kwanza. Mezani walikuwapo makwotabeki wawili: Peyton Manning wa chuo cha Tennessee na Ryan Leaf wa chuo cha Washington State. Leo mtu akikuambia kulikuwa na ubishi utacheka. Lakini ubishi ulikuwepo, tena mkali. Leaf alikuwa na mwili mkubwa, na wengi waliamini mkono wake ndio wenye nguvu zaidi. Manning, walisema, ameshafika mwisho wa uwezo wake. San Diego Chargers walimtamani Leaf kiasi kwamba walisogea nafasi moja tu, kutoka ya tatu hadi ya pili, na kwa hatua hiyo moja wakawapa timu ya Arizona chaguo la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata, chaguo la raundi ya pili, na wachezaji wawili juu yake.

Je, dalili zilikuwepo? Zilikuwepo. Leaf alikuja hapa Kombaini akapanda mizani, ikasoma paundi 261, yaani kilo 118, mzito kuliko ilivyotarajiwa. Halafu akakosa kikao chake na kocha wa Colts. Watu wakasema: mnaona? Tabia hiyo. Lakini sikilizeni. Baadaye wakala wake, Leigh Steinberg, alieleza kwamba kukosa kikao kulipangwa. Kijana alitaka kwenda San Diego, hakutaka kuja huku kwenye baridi yetu. Kwa hiyo ile dalili ambayo kila mtu huitaja, kumbe ilikuwa mbinu ya biashara! Waliosema ana kasoro walipata jibu sahihi kwa hesabu yenye kosa, na mwalimu yeyote wa hisabati atawaambia mwanafunzi wa namna hiyo mtihani ujao anafeli.

Kasoro yenyewe ilionekana kwingine. Leaf alishinda mechi zake mbili za kwanza. Ya tatu, Kansas City, alirusha pasi 15 ikafika moja. Moja! Yadi nne. Mbili zikanaswa na wapinzani, na mpira ukamponyoka mkononi mara kadhaa. Kesho yake, katika chumba cha kubadilishia nguo, akamfokea mwandishi wa habari mbele ya kamera, nchi nzima ikaona. Alimaliza msimu na pasi mbili tu za tachidauni, yaani za kufunga, na pasi 15 zilizonaswa.

Na Manning? Mwaka huo huo pasi zake 28 zilinaswa. Ishirini na nane, rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza katika ligi. Colts walishinda mechi tatu, wakapoteza 13. Ukiangalia ubao wa matokeo tu, wote wawili waliharibu. Ila Manning alirudi kwenye video kuyachunguza makosa yake, na mwaka uliofuata hesabu ikageuka: ushindi 13, kupoteza tatu. Aliendelea mpaka kuwa mchezaji bora wa ligi mara tano, na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mara mbili, moja na sisi, moja na Denver. Leaf alimaliza maisha yake ya mpira na tachidauni 14 dhidi ya pasi 36 zilizonaswa. Chargers mwaka 2000 walishinda mechi moja katika 16.

Hapa ndipo mimi ninapogombana na wachambuzi wa televisheni. Wao huchora mizani: huku kipaji, kule tabia, tuone kipi kizito. Kwa mkimbiaji wa pembeni labda. Kwa kwotabeki, kule kukaa gizani saa sita ukiangalia video ya wapinzani ndicho kipaji chenyewe. Mkono unarusha tu kile ambacho jicho limekwisha kukisoma. Kijana asiyesoma hana "kipaji kikubwa na tabia mbovu". Ana kipaji nusu, basi.

Mtazameni JaMarcus Russell. Oakland Raiders walimchukua wa kwanza kabisa mwaka 2007. Huyo walisema akipiga magoti anarusha mpira yadi 60. Aligomea mkataba akakosa kambi nzima ya mazoezi, akaja kusaini Septemba, mamilioni kwa mamilioni. Mgema akisifiwa, mnajua. Inasimuliwa kwamba makocha walimshuku hatazami video anazopewa nyumbani, wakampa diski tupu. Kesho yake wakamwuliza umeonaje, akawaelezea alichokiona. (Mnacheka, lakini mimi nina wanafunzi wa hivyo.) Mwaka 2010 aliachwa, na hakucheza tena katika ligi.

Nimesema kuhusu uvivu. Sasa niseme kuhusu uvumi, maana huku ndiko kunakoniuma. Sisi tuna msemo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika drafti msemo huu umeua watu. Mwaka 1983 kijana wa chuo cha Pittsburgh, Dan Marino, alivumishiwa kwamba anatumia dawa za kulevya. Timu zikampita. Makwotabeki watano wakachaguliwa mbele yake. Miami wakamwokota nafasi ya 27, na mwaka wake wa pili akarusha tachidauni 48 na yadi 5,084, namba ambazo hakuna mtu aliyekuwa ameziona. Timu zilizomwogopa zilinunua maneno ya barazani kwa bei ya kwotabeki.

Na lipo la Warren Moon. Wazazi, hili wasimulieni vijana wenu. Moon alikuwa kwotabeki wa chuo cha Washington, akashinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Januari 1978 akiwa mchezaji bora wa mechi. Hata hivyo hakuna timu ya ligi iliyomtaka kama kwotabeki. Walitaka ahame nafasi. Mtu mweusi, walisema, hana "akili ya uongozi". Ubaguzi huo ulivaa vazi lile lile la tabia na uwezo wa kuongoza. Moon hakuhama. Hata kabla ya drafti akasaini Edmonton, Kanada, akatwaa kombe la huko mara tano mfululizo, akarudi Marekani 1984, na mwaka 2006 akaingia Jumba la Heshima la mchezo huu, kwotabeki mweusi wa kwanza kuingia.

Mtasema hiyo ni zamani. Haya, 2018. Lamar Jackson, aliyekuwa ameshachukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, anashauriwa hadharani abadilike awe mpokeaji wa pasi. Na aliyetoa ushauri huo ni nani? Bill Polian. Meneja mkuu wa Colts aliyemchagua Manning badala ya Leaf! Mtu aliyefanya uamuzi unaosifiwa kuliko yote katika mada hii yetu. Lamar akachukuliwa wa 32, mwisho wa raundi ya kwanza, na Baltimore. Mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote, bila hata moja kupotea, na 2023 akatwaa tuzo hiyo tena. Polian, na namheshimu kwa hili, alikiri kwamba alikosea. Lakini fikirini: jicho lile lile lililomwona Manning halikumwona Lamar.

Mwingine ataniambia, basi tuchague wenye sifa njema tu. Deshaun Watson aliingia ligi 2017 akiwa hana doa. Houston, mji wa timu yake, ulipopigwa na kimbunga Harvey, hundi yake ya mechi ya kwanza aliwagawia wafanyakazi watatu wa kantini ya timu. Mimi mwenyewe nilimtolea mfano pale shuleni. Miaka minne baadaye wanawake zaidi ya 20 wamemfungulia kesi za madai ya udhalilishaji wa kingono. Alikana, mabaraza ya raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe huko Texas hayakumfungulia mashtaka ya jinai, kesi nyingi zikamalizwa kwa makubaliano, na ligi ikamfungia mechi 11 na faini ya dola milioni tano. Katikati ya hayo yote Cleveland walimnunua kwa chaguo tatu za raundi ya kwanza na mkataba wa dola milioni 230.

Mimi nina mabinti wawili, kwa hiyo msinitegemee niwe mtulivu hapa. Mvivu unaweza kumpima: ukasema namchukua raundi ya pili, namwekea kocha mkali. Mlevi unaweza kumpima, ukamtafutia msaada. Lakini tuhuma za kumuumiza mtu mwingine haziingii kwenye hesabu ya nafasi ya ngapi. Pale unachunguza mpaka mwisho, ukiridhika ni kweli unamwacha, hata kama anarusha mpira mpaka Ohio.

Fedha nazo zimebadilisha mambo, nipite haraka. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajagusa mpira. Mwaka uliofuata ligi ikaweka kikomo cha mishahara ya wachezaji wapya, na Cam Newton, chaguo la kwanza, akapata milioni 22 kwa miaka minne. Newton huyo ripoti moja ilisema tabasamu lake ni la kujifanya. Tabasamu! Mwaka 2015 alikuwa mchezaji bora wa ligi. Siku hizi kosa halifilisi timu, kwa hiyo wanathubutu zaidi, lakini miaka mitatu iliyopotea hairudishwi na mhasibu yeyote.

Leaf, kwa wanaouliza. Alianguka vibaya. Vidonge vya maumivu, akavunja nyumba za watu akivitafuta, akafungwa Montana, akatoka mwishoni mwa 2014. Tangu hapo amekaa bila dawa, anazungumza na waathirika, anatangaza mpira. Yule aliyemfokea mwandishi leo anashika maikrofoni mwenyewe. Waliomwandikia "tabia" akiwa na miaka 21 walidhani wameandika kwa wino. Sisi nasi husema tabia ni ngozi. Sijui. Ngozi hupata kovu, hupona.

Ninachowafundisha vijana wangu pale shuleni ni kitu kidogo. Pasi ikinaswa, sitazami uso wa kwotabeki wangu, natazama miguu. Anaelekea wapi akitoka uwanjani? Wapo wanaokwenda kukaa mwisho wa benchi, taulo kichwani. Wapo wanaokuja moja kwa moja kwangu, wananyoosha mkono kuomba tableti waone walichokosea. Mmoja wa mwaka huu huja akiwa bado anatukana, kwa lugha nne, Kirundi kikiwemo. Lakini anakuja.

Nilisema nitarudi kwa yule skauti. Nilimshusha hotelini, akaniongezea bakshishi nzuri. Usiku, nipo nyumbani nakula, ndipo nikakumbuka. Yule kijana alipoingia garini asubuhi aliniambia, "Samahani mjomba, nikisinzia niamshe, nimeamka saa tisa usiku, nimepanda ndege mbili." Mjomba, aliniita, kwa Kiingereza chake. Na mizigo alibeba mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimesema, "Alilala tu."

Kesho yake nilizunguka pale hotelini mara tatu na teksi tupu. Sikumwona tena yule bwana. Haya, maswali. Mzee wangu pale, mkono wako uko juu tangu nilipomtaja Polian.