Programu Inasema Utafika, Kituoni Mambo Mengine

Mabibi na mabwana, habari za jioni, na asanteni kwa kuja.

Malalamiko juu ya programu za kupanga safari kwa basi na treni yanafanana karibu kila zinakotumika. Basi lililoonyeshwa kwenye simu halikutokea. Programu ilitoa dakika tatu za kubadili treni, na hizo tatu hazikutosha. Ilimwambia abiria atembee mita 200 hadi kituoni, akakuta reli yenye uzio katikati. Mtu akishapatwa na hayo huifuta programu na kupakua nyingine, na hiyo nyingine humpa jibu lile lile, kwa sababu inasoma data ile ile. Leo tutaingia ndani ya data hiyo. Kisha nitaeleza kasoro moja isiyotokana na data hata kidogo: namna programu zenyewe zinavyochagua safari ya kukuonyesha. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, maana dawa yake ipo na haitumiki inavyostahili.

Mwaka 2005, mjini Portland, Marekani, Bibiana McHugh wa shirika la usafiri la TriMet alishirikiana na Google kuziweka ratiba za mji wake kwenye utafutaji wa safari mtandaoni. Muundo wa data uliotokana na kazi ile ndio leo tunauita GTFS, na mashirika mengi sana duniani yanautumia. Ni mafaili ya maandishi matupu, yaliyofungwa pamoja kwenye zip. Faili la stops.txt lina vituo na mahali vilipo. Routes.txt lina njia. Trips.txt lina kila safari moja moja, stop_times.txt linasema safari hiyo inafika na kuondoka saa ngapi kila kituo, na calendar.txt linasema inafanyika siku zipi. Aliyezoea kutumia jedwali kwenye kompyuta anaweza kuyasoma bila kufundishwa.

Tuanze na stop_times.txt. Shirika huwa na muda wa uhakika kwa vituo vichache vikubwa tu. Vituo vya katikati hujazwa kwa kukadiria. Chukueni vituo vikubwa viwili vinavyoachana kwa dakika 12, na kati yake kuna vituo vidogo vitano. Vipande vya njia ni sita, kwa hiyo kila kipande kinapewa dakika 2, na kituo kidogo cha tano kinaandikiwa dakika ya 10. Lakini tuseme kipande cha mwisho ndicho chenye makutano na taa, na peke yake kinakula dakika 6. Basi litavipita vipande vitano vya mwanzo kwa dakika 6 zilizobaki. Kwenye kituo cha tano litapita dakika ya 6, yaani dakika 4 kabla ya muda ulioandikwa kwenye simu yako. Wewe umefika kwa wakati, dereva naye hajakosea, kwa sababu yeye anatakiwa kutunza muda kwenye vituo vikubwa tu. Basi limekuacha.

GTFS ina safu ya kulieleza hilo, inaitwa timepoint: 1 maana yake muda ni kamili, 0 maana yake ni makadirio. Ni nadra kuikuta programu inayomwonyesha abiria tofauti hiyo. Dakika ya kukisia na dakika ya uhakika zinaandikwa kwa herufi zile zile. Kwenye kituo kidogo, basi, fika dakika tano kabla, au tembea hadi kituo kikubwa kama hakiko mbali.

Usiku wa manane una mtego wake. Basi la mwisho la Ijumaa linaloondoka saa saba na dakika 10 usiku ni la ratiba ya Ijumaa, ingawa kalenda imeshaingia Jumamosi. Kwenye GTFS huandikwa 25:10:00 chini ya Ijumaa. Ndiyo, saa ya 25. Muundo unaruhusu, na ndivyo inavyotakiwa. Mwandishi wa data asiyelijua hili huandika 01:10:00 chini ya Ijumaa, na basi lile linahamia usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 24 kabla. Anayelitafuta Ijumaa usiku baada ya shughuli zake haambiwi kitu, na aliyesimama kituoni usiku uliotangulia anasubiri basi ambalo halipo. Kosa la pili ni la upande wa programu: ukiitafuta Jumamosi saa saba usiku, ni lazima itazame ratiba ya Jumamosi pamoja na mkia wa Ijumaa. Isipofanya hivyo, itakujibu kwamba hakuna usafiri mpaka alfajiri.

Sikukuu nazo haziingii zenyewe. Kila siku isiyo ya kawaida inahitaji mistari yake kwenye calendar_dates.txt, ambako 1 ni kuongeza huduma na 2 ni kuiondoa. Mtu akisahau, programu inatangaza mabasi ya siku ya kazi wakati madereva wamepumzika. Ratiba pia ina tarehe ya kwisha, na ikipita bila nyingine kupakiwa, njia nzima inapotea kwenye majibu kana kwamba imefutwa.

Kutembea kunadharauliwa mno. Kasi ya kawaida iliyowekwa kwenye OpenTripPlanner, programu huria inayotumiwa na mashirika mengi, imekuwa mita 1.33 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mita 600 ni dakika saba na nusu. Mzee, au mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi, akienda mita 0.8 kwa sekunde, mita zile zile zinamchukua dakika 12 na nusu. Tayari amekosa basi kabla hajatoka nyumbani, na hakuna aliyemwambia. Kama programu yako ina sehemu ya kubadili kasi ya kutembea, ibadilini leo hii. Kuna pia programu zinazopima umbali kwa mstari ulionyooka, au zinazotumia nukta moja kwa stesheni nzima yenye majukwaa kumi. Stesheni kubwa inaweza kukula dakika sita kutoka mlangoni hadi kwenye treni, na nukta ile inahesabu sifuri.

Halafu kuna mabasi yasiyo na saa maalumu, yanayokuja kila baada ya muda fulani. GTFS inayo frequencies.txt kwa ajili hiyo: unaandika sekunde 900, yaani kila dakika 15, na kwenye exact_times unaweka 0 kuonyesha kwamba hakuna saa ya kushikilia. Programu nyingine hata hivyo zinatunga saa: zinakwambia basi litaondoka saa mbili na dakika 17. Hiyo dakika ya 17 haijaandikwa popote na shirika. Jibu la kweli ni "kila dakika 15 hivi", na ndilo linalopaswa kuonekana.

Hata hilo la "kila dakika 15" lina hesabu ambayo ningependa kila anayetengeneza programu hizi aijue. Mabasi yakija sawasawa, wastani wa kusubiri ni nusu yake, dakika 7 na nusu. Lakini mabasi hufuatana. Tuseme pengo moja ni dakika 5 na linalofuata ni 25. Wastani wa mapengo bado ni 15, ila abiria wengi zaidi wanaangukia kwenye pengo refu. Ndani ya kila dakika 30, tano ni za pengo fupi, ambako unasubiri wastani wa dakika 2.5, na 25 ni za pengo refu, ambako unasubiri wastani wa 12.5. Ukizidisha, ukajumlisha na kugawa kwa 30, unapata karibu dakika 10 na sekunde 50. Programu imeahidi saba na nusu kwa nia njema kabisa.

Mtaniambia: si kuna taarifa za papo hapo siku hizi? Zipo, kwa muundo uitwao GTFS Realtime, na zimesaidia sana. Mwongozo wake unataka data isasishwe angalau kila sekunde 30, na mahali basi lilipo pasiwe taarifa iliyozidi sekunde 90. Zinapoharibika, huharibika hivi. Kila taarifa hushikamana na safari yake kwa namba, trip_id. Shirika likipakia ratiba mpya yenye namba mpya, huku mfumo wa papo hapo ukiendelea na namba za zamani, taarifa hazipati pa kushika. Programu hairipoti kosa. Inarudi kimya kimya kwenye ratiba, na wewe unaendelea kuamini kwamba unaliona basi lenyewe.

Basi la kufikirika linazaliwa hapo hapo. Safari imefutwa kwa sababu dereva hayupo, lakini hakuna aliyetuma ujumbe wa kufuta. Simu inahesabu: dakika 6, dakika 3, linafika, kisha mstari unatoweka. Kilichokuwa kikihesabiwa ni saa ya ukutani tu. Jambo jingine la karibu na hilo ni basi ambalo bado halijaanza safari yako. Gari lenyewe liko upande wa pili wa mji likimalizia safari iliyotangulia, limechelewa dakika 20, na programu inasema litaondoka kwa wakati. Uhusiano wa safari mbili za gari moja una safu yake, block_id. Ikijazwa na ikasomwa, kuchelewa kule kunaonekana mapema. Ikiachwa tupu, hakuna atakayejua mpaka muda wa kuondoka upite.

Sasa nije kwenye lile la kuchagua. Njia ya kutafuta safari fupi kwenye mtandao wa barabara aliichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959. Kwa ratiba za umma zimekuja njia mahususi zaidi, na mojawapo inayotumika sana ni RAPTOR, iliyochapishwa mwaka 2012 na Delling, Pajor na Werneck. Hufanya kazi kwa raundi: raundi ya kwanza inatafuta unakoweza kufika bila kubadili, ya pili kwa kubadili mara moja, na kuendelea. Ni ya haraka na ni nzuri. Lakini kwa kawaida yake inapima mambo mawili, saa ya kufika na idadi ya kubadili, na safari yoyote iliyozidiwa kwenye mambo hayo inatupwa.

Tazameni kinachotupwa. Safari A inaondoka saa mbili na dakika 10 na kufika saa tatu kamili, unabadili mara moja, na una dakika 3 za kubadili. Basi lake la pili ni la kila saa. Safari B inaondoka saa mbili kamili na kufika saa tatu na dakika 2, unabadili mara moja pia, lakini una dakika 14. B imezidiwa kila upande, kwa hiyo huioni kabisa. Basi la kwanza la A likichelewa dakika 4, unafika saa nne. Ikiwa hilo linatokea mara moja kati ya nne, A inakugharimu wastani wa dakika 15 za ziada, na B ingekugharimu 12 tu, tena zinazojulikana mapema. Mwenye usaili wa kazi au miadi ya daktari angechagua B bila kufikiri mara mbili. Ameinyimwa.

Ukitafuta kwa kuweka saa ya kufika, mambo yanazidi. Programu inakupa safari ya kuchelewa kuondoka kuliko zote zinazowahi saa hiyo, yaani ile ambayo nafasi yote ya kupumua imekamuliwa.

Dawa ni mstari mmoja wa maandishi chini ya kila sehemu ya kubadili: "Ukilikosa hili, linalofuata ni saa fulani, utafika saa fulani." Programu tayari ina kila kinachohitajika. Inaanza utafutaji upya kutoka kituo hicho, dakika moja baada ya basi kuondoka, kazi ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa basi la kila dakika 8 abiria ataona hasara ni ndogo na atatulia. Kwa basi la kila saa ataamua kutoka nyumbani mapema. Na pale ambapo gari la pili limeagizwa kungoja la kwanza, GTFS inalisema kwenye transfers.txt kwa namba 1. Lionyesheni hilo nalo, maana dakika 2 za aina hiyo ni salama kuliko dakika 5 zisizo na makubaliano.

Mpaka mstari huo uwepo, ufanyeni kwa mkono. Mkishapata safari, tafuteni tena kuanzia kituo cha kubadili, muda ukiwa dakika moja baada ya gari la pili kuondoka. Jibu likiwa baya, rudini mwanzo na mwombe kufika nusu saa kabla ya muda mnaoutaka.

Na mkikuta kosa, liripotini kwa shirika la usafiri lenyewe pamoja na programu, kwa sababu data ikirekebishwa kwenye chanzo inarekebishika kwenye programu zote zinazoisoma. Andikeni tarehe ya safari, namba ya njia, jina la kituo na upande wa barabara, mwelekeo wa basi, saa iliyoonyeshwa, na kama ilikuwa na alama ya papo hapo au ya ratiba. Mwekeni na picha ya skrini. Bila mwelekeo na tarehe, anayeshughulikia hawezi kuipata trip_id, na ripoti inabaki kwenye foleni.

Karibuni kwa maswali.