Kila siku mabawa, kiwavi je?

Haya jamani, habari ya nondo Biston betularia na moshi wa viwanda, kwamba miti ilipakwa masizi, ndege wakawaona na kuwala nondo weupe, weusi wakapona, yule mweusi aliyeonekana Manchester, Uingereza, 1848 na kufikia 1895 weusi wakawa karibu asilimia 98 pale, hiyo mmefundishwa shule, siirudii. Mimi nauliza kila nikipewa maiki: mbona hadithi inaanzia kwenye mabawa? Nondo akishapata mabawa hali kitu, anatafuta mwenzake, mayai yanatagwa, basi. Kula kote amekula akiwa kiwavi, na siku zote hizo ndege wanamsaka, sasa anaponaje?

Anageuka kijiti. Anashika tawi kwa jozi mbili za miguu ya nyuma, mwili anaunyoosha upande umekakamaa kabisa, kichwa kina mpasuko juu utadhani chipukizi, mchana kutwa hatikisiki. Rangi ndo usiseme, kwenye kijiti cha kijani anakuwa kijani, kwenye cha kahawia anakuwa kahawia, taratibu, inachukua siku kadhaa.

Kuna mtu ataniambia ni majani anayokula. Si majani bwana, viwavi wamelishwa majani ya aina moja, vijiti ndo vikapakwa rangi tofauti, na wakafuata rangi ya kijiti. Basi atasema ni macho. Hapo sasa mnisikilize vizuri. 2019 watafiti wa Liverpool walitoa kazi yao, waliwapaka viwavi rangi nyeusi machoni wasione, wakawaweka kwenye vijiti, na wakabadilika vilevile kama wenzao wanaoona, tena wakipewa kuchagua pa kukaa wanaenda kwenye kijiti kinachofanana nao! Kuangalia ngozi, wakakuta jeni zinazotumika kuonea zinafanya kazi humo, mwili mzima. Kiwavi anapokea rangi kwa ngozi jamani, halafu vitabu vya shule picha ni ileile, nondo wawili, mweupe na mweusi, kwenye gome la mti, inaniudhi sana.

Na hilo gome lenyewe, kuna wanaosema hadithi ya ndege na nondo ni uongo kwa kuwa nondo hawapumziki kwenye shina. Majerus, mtafiti wa nondo wa Cambridge, alipanda miti akakuta wanapumzika matawini zaidi kuliko kwenye shina, akaachia nondo 4,864, akaona ndege wanawala na weusi ndo wanaliwa zaidi maana hewa ilishasafishwa, miti haina masizi tena na weusi wanaonekana, kwa hiyo wanaosema ni uongo wanyamaze. Muda umeniishia. Mwenye swali la kiwavi aanze, ya mabawa yasubiri.