Kipande cha Nne

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, ina beti 700 katika sura 18, lakini jioni hii tukae kwenye ubeti mmoja tu, wa 47 wa sura ya pili. Kwanza mtazameni anayeambiwa. Arjuna, mpiga upinde hodari, yuko kwenye gari lake la farasi katikati ya majeshi mawili, uwanja wa Kurukshetra. Upande wa pili anawaona babu yake, walimu wake, binamu zake. Kinywa kinamkauka, ngozi inawaka, vinyweleo vinasimama, upinde unamponyoka. Anaketi. Aliyewahi kusubiri majibu ya hospitali anaujua mwili huo.

Gandhi, aliyeisoma Gita mara ya kwanza London mwaka 1889, aliiona vita ile kuwa inapiganwa moyoni mwa mtu. Mimi namfuata hapo.

Sasa ubeti wenyewe. Una vipande vinne, kama mishororo ya tarbia zetu. Krishna, mwendesha gari la Arjuna, naye ni Mungu katika umbo la mtu, anasema: haki yako ni kutenda, matunda kamwe si haki yako, usitende kwa kuyatamani matunda. Hapo ndipo wengi hukomea. Nimesikia matajiri wakimsomea maneno haya mfanyakazi anayedai mshahara wake, na huko ni kuidhulumu Gita. Krishna anasema na mtendaji juu ya moyo wake. Daftari la malipo hakuligusa.

Kipande cha nne ndicho kinachorukwa: wala usishikamane na kutotenda.

Mwaka jana niliandika ujumbe wa kumwomba radhi kaka yangu. Nikaukalia wiki tatu. Nafuta neno, narudisha, najiuliza atasemaje. Nilijihesabu mtu wa subira. Kumbe nilikuwa nimeketi garini, upinde chini! Usiku mmoja nikautuma kama ulivyo, makosa ya herufi na yote, nikazima simu nikalala.

Naona nyuso zenu: alijibu nini? Mnaona, tayari tumeshayakimbilia matunda.

Jambo moja kabla sijakaa. Katika sura ya 18, baada ya mafunzo yote yale, Krishna hamshiki Arjuna mkono. Anamwambia ayatafakari yote, yasibaki, kisha afanye apendavyo.

Haya, karibuni maswali.