Kompyuta Inasahihisha Jibu, Njia Uisahihishe Mwenyewe

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Wanaofundisha aljebra ya chuo mtandaoni wanalijua lalamiko hili: alama za mazoezi zinang'ara, mtihani ukija zinaporomoka. Mwanafunzi husema mtihani ulikuwa mgumu. Ukilinganisha maswali, mara nyingi ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba kile kitufe cha kuonyesha mfano unaofanana hakipo tena.

Mfumo wa mazoezi unakupa swali, unaandika jibu kwenye kisanduku, unaambiwa umepata au umekosa. Ukikosa unajaribu tena. Ukikwama, unabonyeza upate mfano uliokwisha kufanywa hatua kwa hatua, wenye namba tofauti na zako. Mtego uko hapo. Unapachika namba zako kwenye hatua za mfano, jibu linakubaliwa, na ulichofanya ni kunakili tu. Kompyuta haikuiona karatasi yako. Darasani mwalimu angepita nyuma yako akaona. Mtandaoni kazi hiyo ni yako. Bahati nzuri, katika aljebra jibu lina namna ya kupimwa bila mwalimu.

Chukueni huu: √(x + 3) = x − 3. Ili kuondoa kipeuo, unapandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha pili: x + 3 = x² − 6x + 9. (Wapo watakaoandika x² + 9 upande wa kulia, nitarudi kwao.) Hamishia vyote upande mmoja, unapata x² − 7x + 6 = 0, yaani (x − 1)(x − 6) = 0. Basi x ni 1 au 6. Wengi huishia hapa, wanajaza yote mawili, mfumo unawaambia wamekosa. Wanaanza kusaka kosa kwenye hesabu, na hesabu haina kosa hata moja.

Rudisha 6 kwenye mlinganyo wa mwanzo: √9 ni 3, na 6 − 3 ni 3. Inakubali. Rudisha 1: √4 ni 2, lakini 1 − 3 ni −2. Inakataa. Hiyo 1 ni jibu bandia, na iliingia pale tulipopandisha kipeo, kwa sababu 2 na −2 zote zikipandishwa huwa 4; tofauti ya alama imefutika. Ukitaka kuliona kwa macho, fungua Desmos au GeoGebra, programu za kuchora grafu, chora y = √(x + 3) na y = x − 3. Zinakatana mahali pamoja tu, (6, 3). Sasa ongeza y = −√(x + 3). Nayo inaukata ule mstari kwenye (1, −2). Ndiko 1 ilikotoka.

Mambo ni hayo hayo kwenye logi. Kwa log x + log(x − 3) = 1, logi zikiwa za kizio cha 10, hesabu itakupa 5 na −2, na −2 unaitupa kwa sababu namba hasi haina logi katika namba halisi.

Kuna ugonjwa wa upande wa pili, nao naona ni mbaya zaidi: hatua inayopoteza jibu. x² = 5x. Ukigawanya pande zote kwa x, unabaki na x = 5. Ukiipima, inapita. Lakini 0 nayo ni jibu, na huwezi kuipima kwa kuwa haipo mbele yako. Kwa hiyo usigawanye kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri. Hamisha: x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0, majibu yote mawili yamesimama.

Tuwarudie walioandika kwamba (x − 3)² ni x² + 9. Weka namba yoyote ndogo isiyo sifuri badala ya x, tuseme 1. Kushoto unapata 4, kulia 10. Sekunde chache tu, na dawa hii unaweza kuijaribu kwa kila kanuni unayoitilia shaka.

Makosa mengine si ya hesabu, ni ya kuandika kwenye kisanduku. 1/2x husomwa na mifumo mingi kama nusu ya x; kama unataka 2x yote iwe chini, andika 1/(2x). Ukiandika -3^2 kwenye Desmos utapata −9; =-3^2 kwenye Excel inakupa 9. Weka mabano, ugomvi uishe. Wakidai jibu kamili, √2 ibaki √2, si 1.41. Na wakitaka desimali, kadiria mwishoni kabisa, si katikati ya safari.

Kuhusu muda nitasema kidogo. Kozi ya saa 3 za darasa kwa wiki, pamoja na saa 2 za kujisomea kwa kila moja, ni saa 9 kwa wiki. Kwa wiki 15 zinakuwa 135. Kozi hiyo hiyo ikibanwa kwenye wiki 8, ni karibu saa 17 kila wiki. Mwenye kazi ya kutwa, na ambaye sehemu na namba hasi bado zinamsumbua, asiiguse ya wiki 8.

Mnaotazama video, isimamisheni swali linapoandikwa tu, mlifanye, ndipo mwendelee. Kuongeza kasi ya video si dhambi. Dhambi ni kuitazama mikono mitupu. Na siku moja baada ya kumaliza mazoezi, chagua maswali matano, funga mifano yote, weka saa, tumia karatasi tupu. Swali litakalokulazimu kufungua mfano bado hujalijua, hata kama mfumo umekupa alama zote.

Mtihani ukiwa wa kusimamiwa kwa kamera, jaribu mapema kupiga picha kurasa zako na kuziunganisha kwenye faili moja la PDF: kalamu nyeusi, upande mmoja wa karatasi, namba ya swali juu. Uliza pia kikokotoo gani kinaruhusiwa.

Na unapomwandikia mwalimu, "sijaelewa swali la 7" haimsaidii. Tuma picha, taja mstari: "Kutoka mstari wa 3 kwenda wa 4, kwa nini alama imegeuka?" Hapo atakujibu kwa sentensi mbili: ulikuwa na −2x > 6, ukagawanya kwa namba hasi, ndiyo maana ikawa x < −3. Jaribu −4: −2 mara −4 ni 8, na 8 ni kubwa kuliko 6.