Mti Usiotakiwa Juu ya Bomba

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Wengi wenu mnasoma mazingira, kwa hiyo sitawarudisha kwenye maana ya uchafuzi. Nianze na picha mnayoifahamu: bosi kavaa fulana mpya, koleo mkononi, mche wa mwarobaini, kamera zinamulika. Kesho yake tunasoma kwamba kampuni inatunza mazingira.

Kwa kampuni ya bomba la gesi, picha hiyo ina kichekesho chake. (Kicheko.) Juu ya bomba lenyewe hapapandwi mti! Mzizi wa mwembe ukifika chini hubandua ngozi ya plastiki iliyolivika bomba, na kutu ikapata mlango. Ndiyo maana mkuza, yaani ukanda wa ardhi lilimofukiwa bomba, kutoka Madimba, Mtwara, hadi hapa Dar es Salaam, karibu kilomita 500, hufyekwa zibaki nyasi tu. Bomba lile lina kipenyo cha inchi 36 na lilizinduliwa mwaka 2015. Kabla yake, tangu 2004, lilikuwepo la kisiwa cha Songo Songo, linalopita chini ya bahari hadi Somanga kisha nchi kavu hadi Ubungo.

Sasa nyasi tu zina kazi gani? Kubwa sana. Mkuza ukiachwa kipara kwenye mteremko, masika mawili yanatosha kuchimba korongo. Mchanga unashuka mtoni, na siku moja bomba lililofukiwa linachungulia nje. Mnakumbuka mwaka 2024: Rufiji ilivyofurika mwezi wa nne, halafu mwezi wa tano, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Ukanda huohuo ndio wa bomba. Na Rufiji si mto wa kuchezea. Delta yake ina mikoko ambayo samaki na kamba huzaliana humo, na pamoja na Mafia na Kilwa ni ardhioevu iliyo chini ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu 2004. Kwa hiyo mtu ninayemheshimu mimi ni yule anayetembea mkuzani kwa miguu baada ya mvua, akitazama udongo ulipohamia. Huyo hapigwi picha.

Kuna na lile lisiloonekana kabisa. Gesi asilia yenyewe haina rangi wala harufu. Hata ule uvundo unaousikia kwenye mtungi wa jikoni, ambao ni wa gesi ya aina nyingine, umetiwa makusudi. Sehemu kubwa ya gesi asilia ni methani, na kwa kipindi cha miaka 20 tani moja ya methani hupasha dunia joto karibu mara 80 kuliko tani ya kaboni dioksidi. Tunaambiwa gesi ni safi kuliko mkaa wa mawe, na ikichomwa ni kweli. Lakini ikivuja kabla ya kuchomwa, hesabu inageuka. Huvuja kwenye valvu, kwenye maungio, na mafundi wanapoiachia hewani ili wapunguze presha wafanye matengenezo. Hii ya mwisho inaepukika: unaweza kuisukuma gesi kwa kompresa ya kuhamishika, mashine ya kushindilia gesi, iingie kipande kinachofuata. Ni ghali, najua. Lakini hiyo gesi ni mali pia, jamani, mnaimwaga ya nini?

Kwa hiyo mkienda mafunzo kwa vitendo, msiulize miche mingapi imepandwa. Ulizeni maswali ya kuudhi kidogo. Mwaka jana gesi kiasi gani iliachiwa hewani? Nani aliipima, kwa kifaa gani, au ilikisiwa ofisini? Na mwananchi wa Kilwa akiona nyasi zimekauka mahali pamoja tu juu ya mkuza, dalili ya gesi kutoka ardhini, ana namba ya simu ya kupiga, na inapokelewa usiku?

Naona dada pale nyuma kanyoosha mkono muda mrefu. Karibu, na maikrofoni ipelekwe.